George Shiras wa Tatu: Mwindaji Aliyeiacha Bunduki

Katika historia ya upigaji picha za wanyamapori, ni wachache wanaoweza kudai kumtangulia George Shiras wa Tatu. Alizaliwa mwaka wa 1859 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, naye mwana akaifuata taaluma iyo hiyo ya sheria. Hata hivyo, jina lake halikuvuma kwa kesi alizozitetea bali kwa picha alizozipiga gizani.

Uwindaji ndio uliomlea. Tangu ujana wake alizoea kwenda Whitefish Lake, ziwa dogo katika jimbo la Michigan, kuwinda kulungu. Huko alijifunza mbinu ya Waojibwe, wenyeji asilia wa eneo hilo. Mtumbwi huelea usiku kimyakimya, moto ukiwaka kwenye omo. Mnyama huduwaa akiukodolea mwanga, na macho yake yanayong'aa humfichua. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Shiras aliiweka bunduki kando akaishika kamera. Mbinu ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni hatima ya mnyama.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Gizani mpigapicha hawezi kuirekebisha lenzi kwa kumtazama mnyama. Ilibidi Shiras aitege mapema kwa umbali maalumu, kisha mtumbwi usogezwe hadi umbali huo ufikiwe, ndipo unga wa magnesiamu uwashwe. Mwanga huo ulikuwa wa kitambo kidogo mno. Lenzi ikifunguliwa sana ili kuupokea, kina cha eneo linaloonekana wazi hupungua, na mnyama akijongea hatua chache tu, sura yake hufifia. Aidha, alitega nyuzi ufukoni ili mnyama apitapo ajipige picha mwenyewe. Hapo mpangilio wa picha ulipaswa kuamuliwa kabla mhusika wake hajafika.

Ufinyu huo ndio uliozaa uzuri wa kazi yake. Kwa kuwa mwanga haukufika mbali, msitu wa nyuma ulimezwa na giza, akabaki mnyama peke yake. Kamera iliyokuwa chini, karibu na maji, ilinasa pia kivuli chake ziwani. Katika picha ya linksi aliyoipiga Loon Lake, Kanada, mwaka wa 1902, mnyama ameketi ukingoni huku taswira yake ikitulia majini. Ni bayana kuwa giza hapo si upungufu. Ni sehemu ya utunzi. Ikumbukwe pia kuwa mmweko huo uliwatimua wanyama wengi kwa hofu. Amani inayoonekana pichani ilidumu kufumba na kufumbua.

Picha zake za usiku zilituzwa medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900. Mnamo Julai 1906, jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Wajumbe wawili wa bodi walijiuzulu, wakiona kuwa jarida la kitaaluma linageuzwa kuwa kitabu cha picha. Wasomaji walizipokea kwa shauku, na mkondo wa jarida hilo ukabadilika moja kwa moja.

Shiras hakutosheka na kuonyesha tu. Akiwa mbunge kati ya 1903 na 1905, aliwasilisha mswada wa kuwalinda ndege wahamao. Haukupita wakati huo, lakini wazo lake lilipata nguvu ya kisheria mwaka wa 1913 na kuimarishwa mwaka wa 1918. Mwaka wa 1935 alichapisha kumbukumbu zake katika juzuu mbili, Hunting Wild Life with Camera and Flashlight. Alifariki mwaka wa 1942 mjini Marquette, Michigan.

Kwa hakika, Shiras hakuacha kuwinda. Alivizia, alinyata na kusubiri kama mwindaji yeyote, lakini kulungu wake walirudi msituni wakiwa hai.