Hendrik van de Hulst, aliyetambua barafu kwenye vumbi la nyota

Hendrik van de Hulst alizaliwa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1918. Baba yake alikuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto. Kijana yeye akachagua nyota.

Alisoma wakati mbaya. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limeikalia nchi yake, na Chuo Kikuu cha Leiden kilifungwa baada ya kupinga kufukuzwa kwa maprofesa Wayahudi. Mwaka 1942 mwalimu wake, Marcel Minnaert, aliwekwa kizuizini. Katika miaka hiyo Van de Hulst alikuwa akihangaika na swali moja: lile vumbi jembamba lililotanda kati ya nyota limeumbwa na nini?

Wengine walidhani ni chuma. Yeye, kwa kalamu na karatasi, alipata jibu jingine. Huko kuna baridi ya kiasi cha nyuzi 260 chini ya sifuri. Atomu ya oksijeni ikigonga punje ya vumbi hunasa. Haidrojeni zikiifuata na kunasa hapo hapo, zinaungana nayo kuwa maji. Kaboni nayo inakuwa metheni, na nitrojeni inakuwa amonia. Msikilizaji, hapa usifikirie umande unaotua juu ya bati alfajiri. Umande ulikuwa maji tangu hewani, lakini haya yanazaliwa juu ya punje yenyewe, kisha yanabaki kama ganda la barafu chafu.

Sisi watu wa redio tunamkumbuka kwa jambo jingine pia. Mwaka 1944, kwa kuombwa na Jan Oort, alikokotoa kwamba haidrojeni ya angani hutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21. (Ya FM unayotupata nayo ni kama mita tatu.) Mwaka 1951 mawimbi hayo yakanaswa kweli.

Barafu ilichelewa zaidi. Dalili yake ya wazi ilionekana mwaka 1973, katika mwanga usioonekana kwa macho. Leo wanasayansi wengi wanaona kwamba sehemu ya maji ya dunia yetu ilianzia kwenye punje kama hizo, kabla jua halijawaka.

Van de Hulst alifariki mwaka 2000. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima barafu katika wingu jeusi la vumbi, ikakuta maji, metheni na amonia.