Charcot: Tabibu aliyetambua usahaulifu wa wagonjwa wa neva

Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1825, mwana wa fundi wa magari ya farasi. Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière, aliueleza kinagaubaga ugonjwa wa maltipo skilerosisi, ambao huharibu utando unaokinga nyuzi za neva. Mbali na kutetemeka na macho kuchezacheza, aliona kwamba kumbukumbu hufifia na fikra huwa nzito. Alifariki mwaka 1893, na kwa miongo mingi madaktari wengi waliamini kuwa akili husalimika. Utafiti wa baadaye ulimthibitisha: dalili hizo zaweza kuanza mapema, mgonjwa angali akitembea vyema. Hivyo basi, karani wa Donholm, Nairobi, anayeanza kusahau kazi aliyoizoea, asihukumiwe kuwa mvivu kabla ya kupimwa.