Solomon Linda

Solomon Popoli Linda (1909 – 8 Oktoba 1962), aliyejulikana pia kwa jina la Solomon Ntsele, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Afrika Kusini. Anafahamika zaidi kwa wimbo wake wa Mbube, alioutunga na kuurekodi mwaka 1939 akiwa na kundi lake la Evening Birds. Wimbo huo ulienea baadaye duniani kote kwa majina ya Wimoweh na The Lion Sleeps Tonight. Watu wengi huutambua tangu sekunde za kwanza, kabla ubeti wowote haujaanza, kwa sababu ya sauti za wanaume zinazorudia neno moja na sauti nyembamba inayopaa juu yake. Sauti hizo ni kazi ya Linda. Pamoja na hayo, alifariki akiwa maskini, na jina lake lilichukua zaidi ya miaka 60 kurudishwa kwenye wimbo huo kisheria.

Maisha ya awali

Linda alizaliwa karibu na Pomeroy, katika eneo la Msinga, jimbo la Natal (leo KwaZulu-Natal). Alikuwa Mzulu. Alisoma katika shule ya misheni ya Gordon Memorial, ambako alijifunza nyimbo za dini na kushiriki mashindano ya kwaya. Kama watoto wengi wa kiume wa huko, alikua akichunga ng'ombe. Inaaminika kwamba wimbo wa Mbube, neno ambalo kwa Kizulu maana yake ni simba, ulitokana na kumbukumbu za utotoni za kulinda mifugo dhidi ya simba.

Mwaka 1931 alihamia Johannesburg kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa Kiafrika wakati mji huo ulipokuwa ukikua kwa uchimbaji wa dhahabu. Alifanya kazi katika duka la samani na kuimba katika kundi la Evening Birds (yaani ndege wa jioni), lililosimamiwa na wajomba zake. Kundi hilo lilivunjika mwaka 1933. Linda alipata kazi katika Hoteli ya Carlton, akaunda kundi jipya kwa jina lilelile pamoja na marafiki zake waliotoka Pomeroy.

Muziki wake

Evening Birds walianza kwa kuimba kwenye harusi, kisha wakaingia katika mashindano ya kwaya. Walivaa suti za mistari, kofia ngumu za mviringo na viatu vya rangi mbili, ili waonekane watu wa mjini.

Linda mwenyewe aliimba sauti ya kwanza, tena kwa sauti nyembamba ya juu ambayo kwa kawaida hutarajiwa kutoka kwa wanawake. Upande wa besi hakuweka mtu mmoja kama ilivyokuwa desturi, bali waimbaji kadhaa pamoja. Hivyo sauti za chini zilikuwa nzito na zenye nguvu, na sauti yake ilisikika wazi juu yake. Mpangilio huu uliigwa na makundi mengine ya wafanyakazi wahamiaji, na mtindo wenyewe ukaitwa mbube kutokana na wimbo huo. Kutoka kwake ulikua mtindo wa isicathamiya, ambao baadaye ulijulikana kimataifa kupitia kundi la Ladysmith Black Mambazo.

Kurekodiwa kwa Mbube

Mwaka 1938 Linda aliajiriwa na kampuni ya santuri ya Gallo kama mfungashaji. Kundi lake lilitambuliwa na Griffiths Motsieloa, aliyekuwa akiitafutia kampuni hiyo vipaji. Mwaka 1939 Motsieloa aliwaita studio, Johannesburg.

Mbube ulikuwa wimbo rahisi, wenye maneno machache. Waimbaji walirudia neno uyimbube, yaani wewe ni simba, huku Linda akibuni sauti yake hapohapo bila kuiandika. Walirekodi mara tatu. Katika mara ya tatu, wimbo ukikaribia mwisho, Linda alitoa mfuatano mfupi wa noti ambao hakuwa ameuimba kabla. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mfuatano huo ndio uliokuwa msingi wa tuni ya beti za The Lion Sleeps Tonight.

Santuri hiyo ilipendwa sana, na inakadiriwa kwamba hadi mwaka 1949 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala 100,000. Linda alikuwa ameuza haki za wimbo kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10 tu, muda mfupi baada ya kuurekodi.

Kuenea nje ya Afrika Kusini

Mwishoni mwa miaka ya 1940 nakala ya santuri ilimfikia Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili nchini Marekani, naye akampa mwanamuziki Pete Seeger. Seeger hakujua Kizulu. Alipojaribu kuandika alichokisikia, neno uyimbube likawa wimoweh. Kundi lake la The Weavers lilirekodi wimbo kwa jina hilo mwaka 1951, na mwaka uliofuata ukaingia katika chati za nyimbo nchini Marekani. Haukusajiliwa kwa jina la Linda. Seeger aliagiza Linda atumiwe dola 1,000, na baadaye alieleza majuto yake kwa kutohakikisha kwamba anapata mkataba wa haki.

Mwaka 1960 Miriam Makeba aliurekodi kwa Kizulu. Mwaka 1961 mtunzi George David Weiss aliandika maneno ya Kiingereza kwa ajili ya kundi la The Tokens, na toleo lao likashika nafasi ya kwanza Marekani. Hata katika toleo hilo, msikilizaji hukutana kwanza na sauti ya juu na kibwagizo vilivyotokana na kazi ya Linda, kisha ndipo maneno ya Weiss hufuata.

Miaka ya mwisho na kifo

Evening Birds walivunjika mwaka 1948. Mwaka 1949 Linda alioa, na aliendelea kuimba huku akilea familia yake Soweto. Mwaka 1959 alianguka jukwaani. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1962 kwa ugonjwa wa figo, wakati wimbo wake ukipigwa redioni katika nchi nyingi. Familia ilichukua miaka 18 kupata fedha za kuweka jiwe juu ya kaburi lake.

Madai ya hakimiliki

Mwaka 1994 wimbo ulitumika katika filamu ya The Lion King ya kampuni ya Disney, ambayo mhusika wake mkuu anaitwa kwa neno la Kiswahili, Simba. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan alichapisha makala katika jarida la Rolling Stone akieleza jinsi familia ya Linda ilivyokosa mrabaha.

Mwanasheria Owen Dean aligundua njia katika sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini wakati wa ukoloni. Kwa sheria hiyo, haki zilizouzwa na mtunzi akiwa hai hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda, hiyo ilikuwa mwaka 1987. Kwa msingi huo, mwaka 2004 kesi ilifunguliwa Afrika Kusini dhidi ya Disney.

Februari 2006 warithi walifikia suluhu nje ya mahakama na Abilene Music, kampuni iliyokuwa na haki za wimbo na iliyokuwa imeipa Disney kibali cha kuutumia. Walikubaliwa kulipwa mrabaha kuanzia mwaka 1987, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza wa The Lion Sleeps Tonight. Mfuko wa udhamini uliundwa ili kupokea malipo hayo kwa niaba ya familia.

Urithi

Mbube ni kati ya nyimbo za Kiafrika zilizorekodiwa upya na wasanii wengi zaidi duniani. Kisa cha Linda hutajwa mara nyingi katika mijadala ya hakimiliki za wasanii wa Afrika, hasa waliouza kazi zao kwa malipo ya mara moja.