Kapteni Grant, Mgonjwa wa Bweranyange

Mwezi huu tunawaletea maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulisikia jina lake darasani kisha tukalisahau. Ni James Augustus Grant, yule aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Vitabu vya shule humtaja kwa nusu mstari, nyuma ya Speke. Lakini sisi wa Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, tunayo sababu yetu ya kumkumbuka. Alilala hapa kwetu akiwa mgonjwa sana, miezi mingi, akainuka.

Alizaliwa mwaka 1827 huko Nairn, Scotland, mtoto wa mchungaji. Akiwa kijana alikwenda Uhindi kuwa ofisa wa jeshi, na mwaka 1857 alijeruhiwa vibaya mkono katika vita vya Lucknow. Huko Uhindi ndiko alikofahamiana na Speke. Alikuwa mtu mtaratibu, mpenda mimea na kuchora picha, asiyependa kujitanguliza. Mwaka 1860 wakaondoka Zanzibar pamoja, wakapita Kaze, ndiyo Tabora ya leo, na mwezi wa Novemba 1861 wakafika Karagwe. Omukama Rumanyika aliwapokea vizuri mno katika makao yake ya Bweranyange. Aliposikia kwamba Wazungu husherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi kwa kula nyama, siku ya Krismasi aliwapelekea ng'ombe.

Basi ni katika mwezi huo wa Desemba Grant alipoanguka. Kwanza ilikuwa homa. Kisha mguu wa kulia ukavimba juu ya goti mpaka ukapoteza umbo lake, ukakaa hivyo mwezi mzima kwa maumivu makali. Ukapasuliwa kwa kina, usaha mwingi ukatoka, akapata nafuu kidogo. Halafu yakatokea majipu mengine, ukapasuliwa tena, na tena. Goti likakakamaa likiwa limejikunja. Nguvu zikamwisha. Kila siku ilimbidi aukamue mguu wake mwenyewe ili uchafu uliojikusanya upate kutoka. Madaktari waliosoma maelezo yake miaka mingi baadaye wanaamini kwamba ulikuwa ugonjwa tunaouita leo kidonda cha Buruli, kwa jina la eneo moja la Uganda ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Siku hizi hutibiwa kwa vidonge vya kuua vijidudu kwa muda wa wiki nane. Wakati ule hakuna aliyejua kijidudu chake, hapa wala Ulaya.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Mgonjwa wa namna hii hakai kitandani peke yake. Wako watu waliomzunguka, na kila siku inawalazimu kukata shauri: tupasue au tungoje? Tumpe dawa hii au tumwache apumzike? Tumhamishe au asiguswe? Wauguzi wetu wa Nyakahanga na Isingiro wanayajua maswali hayo, hasa usiku, mgonjwa anapobadilika ghafula na daktari yuko mbali. Mwaka ule ule wa 1860 ambapo Grant aliondoka Zanzibar, Florence Nightingale alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' jijini London, naye alisisitiza sana kwamba muuguzi amwangalie mgonjwa mwenyewe kwa makini. Bweranyange hapakuwa na muuguzi wa shule. Walikuwapo watu wa msafara, na walikuwapo Wanyambo.

Sidi Mubarak Bombay, kiongozi maarufu wa msafara, alikuwa amesikia habari ya dawa ya kubandika iliyotengenezwa kwa mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Ikabandikwa ikiwa ya moto. Grant anaeleza kwamba ilimbana mguu kama bendeji iliyokazwa, basi. (Tusije tukaijaribu. Mavi ya ng'ombe kwenye kidonda huweza kuleta pepopunda.) Baraka, naye mtu wa msafara, alikuwa na hakika kwamba nyoka ameutemea mate mguu ule. Tunaona kwamba wote wawili walikuwa na nia njema, ila Bombay alifuata aliyoyasikia na Baraka aliyoyadhani.

Ndugu yake Omukama, Nnanaji, alisema anaujua ugonjwa huo, akamtuma mganga. Alikuja mkulima mmoja wa Kinyambo, mtu mpole, pamoja na mke wake kijana. Huyu hakuanza na dawa. Alianza kwa kuupapasa mguu, kwa mkono mwororo kiasi kwamba Grant aliufananisha na mkono wa mwanamke. Alichanja chale, akaamuru watazamaji wote watoke nje ya nyumba. Ndipo mke akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi, ikalowanishwa kwa mate na kusuguliwa ndani ya chale, ikawasha. Mwisho akafungiwa kijiwe mguuni kuwa hirizi.

Dawa hiyo haikumponya, na hirizi hatuna haja ya kuizungumzia. Lakini tazameni mwenendo. Alichunguza kwanza, akagusa taratibu, akawatoa watu waliojazana. Mke na mume walifanya kazi pamoja, kila mmoja akijua sehemu yake. Tuliowahi kuona wodi iliyojaa ndugu na majirani wakati mgonjwa anahema kwa shida, tunajua kwamba kuwaambia watu watoke si jambo jepesi.

Shauri gumu kuliko yote lilikuwa la Speke. Ujumbe wa Kabaka Mutesa ulipofika kuwaita Buganda, mgonjwa alikuwa hawezi hata kutembea. Januari 1862 Speke akaenda, Grant akabaki mikononi mwa Rumanyika. Wako waliomlaumu Speke kwa hilo. Sisi tunaona kwamba kumbeba mtu mwenye hali ile, njia yote hiyo, kungemwua upesi zaidi, na kwamba alimwacha kwa mwenyeji aliyekwisha kuthibitika. Kumhamisha mgonjwa nako kuna wakati wake. Hata hivyo, Grant mwenyewe anakiri kwamba ulipofika upeo wa ugonjwa alitamani kuwa karibu na kwao.

Ulipofika mwezi wake wa tano, ugonjwa ulikuwa umejimaliza wenyewe. Akatolewa nje, akavuta hewa safi. Tarehe 14 Aprili 1862 aliondoka Karagwe katika machela ya kusukwa, Waganda wakiibeba vichwani. Mwezi wa Mei akakutana na Speke. Lakini mwezi Julai waliachana tena, yeye akielekea Bunyoro, hivi kwamba Speke peke yake ndiye aliyeyaona maporomoko ya maji yanapotoka ziwani, tarehe 28 Julai. Hatujasoma mahali Grant aliponung'unika kwa hilo. Februari 1863 wakafika Gondokoro pamoja.

Baadaye aliandika kitabu cha safari, kilichotolewa mwaka 1864, akaoa, akatumika katika vita vya Uhabeshi mwaka 1868, akafa kwao Nairn mwaka 1892. Swala mmoja wa nchi zetu anaitwa kwa jina lake, na kumbukumbu yake imewekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Yule Mnyambo na mke wake, katika simulizi ya ugonjwa huo, wametajwa bila majina.