Daktari wa jicho moja aliyewatetea watoto wenye uvimbe wa taya

Mtoto akivimba shavu, wengi wetu hufikiri ni jino. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini kwetu sisi wa kando ya Ziwa Victoria, iwe Kemondo, Bukoba au Muleba, kuna jambo jingine la kukumbuka. Aliyetufumbua macho ni Dk Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alihitimu udaktari Dublin, akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Dk Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Alianza kupekua mafaili. Kumbe watoto hao walikuwa wengi, ila kila mmoja alipewa jina la ugonjwa kulingana na mahali alipovimba. Vipande vya uvimbe vilipopimwa kwa hadubini, ilibainika kuwa ni saratani moja ya tezi. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu wiki kumi, takriban kilomita 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini na kuuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kuwa ugonjwa uko kwenye joto na mvua nyingi, yaani penye malaria. Mwaka 1964 watafiti London waligundua kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Burkitt naye alionyesha kuwa dawa huponya pale kisu kinaposhindwa. Alifariki dunia mwaka 1993.

Sasa turudi kwa mwanao. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na huenda usimuume. Dalili ni taya kuvimba, meno kulegea bila sababu, jicho kutokeza au tumbo kujaa. Usikubali mtoto ang'olewe meno kadhaa yaliyolegea kabla hajachunguzwa, wala usisubiri uone kama utapungua.

Daktari akitaka kukata kipande kidogo cha uvimbe, usiogope. Kipimo hicho hakisambazi saratani. Maabara hutumia rangi maalumu zinazoshika protini za seli, na mahali rangi inapojikusanya humwonyesha mtaalamu ni saratani gani. Bila hivyo dawa sahihi haichaguliki.

Ukipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, nenda mapema. Meli ya usiku kutoka Kemondo ni safari fupi kuliko mwezi wa kusubiri nyumbani. Ugonjwa huu ukiwahiwa, watoto wengi hupona kabisa.