Friedrich Fröbel na Mikono ya Watoto

Kila tunapokwenda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, hukaa nyuma ya darasa la wadogo na kutazama. Jambo moja hujirudia. Mwalimu-mwanafunzi huwagawia watoto kalamu za risasi siku ya kwanza, huandika herufi ubaoni, na kuwaamuru waiige. Watoto huzishika kalamu kwa ngumi, kama mtu ashikavyo mchi. Ncha hukatika, karatasi huraruka, na kabla ya kengele kulia yuko mtoto ambaye amekwisha kuhesabiwa kuwa mzito wa kichwa. Kumbe kichwa chake hakina kosa lolote. Ni mkono ambao haujawa tayari. Mifupa minane ya kifundo cha mkono huwa gegedu tupu mtoto azaliwapo, nayo hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho kwa kawaida huanza kuwa mgumu mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 12. Hatuna budi basi kujiuliza mkono huo ufanye kazi gani kabla ya kukabidhiwa kalamu.

Mmoja wa watu waliolishughulikia swali hili kwa bidii ni Mjerumani Friedrich Fröbel. Katika mitihani ya vyuo hutajwa kwa mstari mmoja tu, kwamba ndiye mwanzilishi wa shule za chekechea, kisha mwanachuo huendelea na swali la pili. Twaona yafaa maisha yake yaelezwe hapa kwa mapana kidogo.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye usharika mkubwa na kazi nyingi. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Baba akaoa tena, na mama wa kambo alimpenda mtoto yule mpaka alipojifungua wake mwenyewe; tangu hapo akamweka mbali, hata namna ya kumwita ikawa ni ile ya kumwitia mgeni. Mtoto alishinda peke yake bustanini, akiokota mawe na kutazama maua. Alipokuwa na umri wa miaka 10 mjomba wake wa mji wa Stadtilm alimchukua akamlea, na hapo kwa mara ya kwanza akapata wenzake wa kucheza nao. Wasimulizi wengi wa maisha yake huona kwamba utoto ule mkavu ndio uliomfanya auwaze mchezo maisha yake yote. Nasi twakubaliana nao.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Mwaka 1797 alipelekwa kujifunza kazi ya bwana misitu. Mwaka 1799 akaingia Chuo Kikuu cha Jena, lakini fedha zilimwishia na akafungwa majuma tisa katika kifungo cha chuo kwa sababu ya deni. Baadaye alifanya kazi za kupima ardhi na za ukarani. Mwaka 1805 alifika Frankfurt akiwa na nia ya kujifunza usanifu wa majengo, na huko mwalimu mkuu aitwaye Gruner akamshawishi afundishe katika shule yake. Fröbel aliposimama mbele ya darasa alijiona amefika kwao. Gruner alikuwa mfuasi wa Pestalozzi, yule mwalimu mashuhuri wa Uswisi, naye Fröbel akaenda Yverdon kumwona, kwanza kwa siku chache, kisha kwa miaka miwili kuanzia 1808 hadi 1810. Kwa Pestalozzi alijifunza kwamba mtoto huanza kujua kwa kugusa na kutazama vitu, maneno yakafuata. Hata hivyo alihisi kwamba masomo yale hayakuungana vizuri.

Kutoka hapo alirudi chuoni, Göttingen kisha Berlin, akajifunza elimu ya madini. Mwanachuo anayeharakia habari za watoto asiruke sehemu hii. Huko Berlin, chini ya Profesa Weiss, Fröbel alizichunguza fuwele, akaona jinsi maumbo machache sahili yanavyojengeka kuwa maumbo mengi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, alipochonga vipande vya mbao kwa ajili ya watoto, maumbo yaliyotoka mikononi mwake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kukaa sana na fuwele. Mwaka 1813 aliingia katika kikosi cha kujitolea cha Lützow kupigana na majeshi ya Napoleon, na jeshini akawapata marafiki wawili, Middendorff na Langethal, walioshirikiana naye kazi kwa miaka mingi.

Mwaka 1816 alianzisha shule ndogo kijijini Griesheim, akiwa na wanafunzi watano ambao wote walikuwa watoto wa ndugu zake. Watatu kati yao walikuwa mayatima wa kaka yake aliyefariki kwa homa mwaka 1813. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau. Hapo watoto walilima, walijenga, walitembea milimani, na kusoma. Mwaka 1826 Fröbel alitoa kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya binadamu. Lakini watawala wa siku zile walizishuku shule zenye harufu ya uhuru. Mkaguzi alitumwa, naye akaandika taarifa ya kuisifu. Shaka haikuondoka hata hivyo, wazazi wakawaondoa watoto wao, na ilipofika 1829 walikuwa wamebaki wachache mno. Kuanzia 1831 Fröbel alifanya kazi Uswisi, na mwishowe akasimamia nyumba ya mayatima ya Burgdorf. Kule ndiko alikozidi kuona kwamba watoto wanaofika shuleni wamekwisha kukosa jambo fulani katika miaka yao ya mwanzo, na kwamba mwalimu wa shule hawezi tena kulifidia kwa urahisi.

Alirudi Ujerumani, na mwaka 1837, akiwa na miaka 55, akaanza kazi mpya katika mji mdogo wa Blankenburg. Mwaka 1840 akaipa jina linalojulikana duniani kote, lenye maana ya bustani ya watoto.

Vifaa alivyovitengeneza aliviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita ya nyuzi za sufu, kila mmoja na rangi yake, yenye kamba ya kuning'inizia. Ya pili ilikuwa tufe, mche mraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu ilikuwa mche mraba uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa, ambao mtoto huubomoa na kuujenga upya awe na kiti, ngazi au daraja. Zilizofuata zilikuwa na vipande vingi zaidi na vidogo zaidi. Tazameni mpangilio huo: mpira hushikwa kwa kiganja chote, mbao hushikwa kwa vidole vyote, na vijiti na mbegu vinavyokuja baadaye hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mtoto hupelekwa kutoka mshiko mkubwa hadi mshiko mdogo bila ya kuambiwa kwamba anapelekwa.

Pamoja na zawadi zilikuwako shughuli za mikono, na hizi kwa maoni yetu ndizo zenye faida zaidi kwa mwalimu wa shule isiyo na fedha. Zawadi hurudishwa sandukuni kama zilivyotoka. Shughuli humwachia mtoto kitu alichokitengeneza. Watoto wa Fröbel walikunja karatasi, wakazikata, wakasuka vipande vyake kama mkeka. Walitoboa picha kwa sindano na kushona juu ya kadi. Walitunga shanga, walifinyanga udongo, na walichora juu ya vibao vya mawe vilivyochorwa mistari ya mraba. Walichukua pia njegere zilizolowekwa zikalainika, wakaziunganisha kwa vijiti vyenye ncha na kujenga nyumba na nyota; njegere zikikauka, jengo husimama imara.

Mtu akisoma orodha hiyo hapa kwetu ataona kwamba hakuna cha kuagiza kutoka ng'ambo. Mpira wa sufu ni mpira wa matambara uliofungwa kamba. Mkeka wa karatasi ni ndugu wa ukili, ambao watoto wengi wa pwani huuona ukisukwa kila siku barazani. Mahali pa njegere tumetumia mbaazi zilizolowekwa usiku kucha, na mahali pa vijiti tumetumia chelewa za ufagio zilizokatwa urefu wa kidole. Kazi hiyo humlazimu mtoto kuishika mbaazi kwa vidole viwili vya mkono mmoja na kuichoma kwa mkono wa pili, asiipasue. Yaani mikono miwili ifanye kazi mbili tofauti kwa lengo moja, na nguvu ya vidole ipimwe. Hayo ndiyo atakayotakiwa kuyafanya siku atakapoishika karatasi kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Tunaongeza onyo dogo: mwanachuo mmoja alileta mbaazi za kuchemsha badala ya za kulowekwa, na zililiwa zote kabla somo halijafika katikati. Kwa watoto wadogo sana mbegu hizi zisitumike bila ya mtu mzima kukaa karibu, maana huingizwa puani na masikioni.

Fröbel mwenyewe aliziwekea zawadi zake falsafa nzito. Tufe kwake lilikuwa alama ya umoja wa viumbe vyote, na kila kipande kilikuwa na siri yake. Hatuoni haja ya mwanachuo kuibeba falsafa hiyo yote. Tena ilileta madhara. Baada ya kufa kwake baadhi ya wafuasi wake walizigeuza shughuli kuwa ibada: watoto wote walikunja pembe moja kwa wakati mmoja kwa amri ya mwalimu, na hakuna aliyeruhusiwa kujenga lake. Mwishoni mwa karne ya 19 walitokea wakosoaji, hasa Marekani, walioonyesha kwamba kutoboa na kushona matundu madogo kulichosha macho na vidole vya watoto wa miaka minne, na kwamba mabega na mikono mizima ilihitaji kazi kabla ya ncha za vidole. Mwalimu mmoja wa huko, Patty Smith Hill, akatengeneza mbao kubwa za kujengea ambazo mtoto huzibeba kwa mikono miwili. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Nasi tumeuona ugonjwa ule ule katika madarasa yetu, chelewa zikigawanywa kumi kumi na kila mtoto akitakiwa kupanga pembetatu ile ile ya ubaoni. Zana zilikuwa za mchezo, lakini somo halikuwa mchezo hata kidogo.

Fröbel hakufanya hivyo, kwa kadiri habari zake zinavyoonyesha. Alikuwa akilala chini na kuimba na watoto. Mwaka 1849 alipohamia Liebenstein, wanakijiji walimtazama mzee yule mwenye nywele ndefu akirukaruka na watoto wao mlimani, wakadhani amepungukiwa na akili. Mwanamke mmoja wa ukoo wa kibaroni, Bertha von Marenholtz-Bülow, aliusikia uvumi huo, akaenda kumwona, na akawa mtetezi wake mkubwa kuliko wote.

Fedha hazikumtosha kamwe. Chekechea ya Blankenburg ilifungwa kwa kukosa mapato, naye akazunguka mji hadi mji akieleza kazi yake. Mke wake wa kwanza, Wilhelmine, alifariki mwaka 1839. Katika mkutano wa walimu uliofanyika Rudolstadt mwaka 1848 wapo waliomcheka, kwani aliwataka wanawake wafundishwe kazi ya ualimu wa watoto wadogo, jambo ambalo wengi hawakuwahi kulifikiria. Mwaka 1850 alifungua chuo cha kuwafunza walimu hao katika jumba la Marienthal, na mwaka uliofuata akamwoa Luise Levin, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Kisha likaja pigo. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prusia ilizipiga marufuku chekechea zote, kwa madai kwamba zilieneza ujamaa na kumkana Mungu. Mpwa wake Karl Fröbel alikuwa ametoa kijitabu juu ya shule za wasichana na chekechea, na Waziri von Raumer akawachanganya wawili hao. Fröbel aliandika kueleza tofauti iliyokuwapo. Waziri hakubadili neno. Mtu aliyekuwa amelelewa katika nyumba ya mchungaji, na ambaye kila kifaa chake alikiona kuwa njia ya kumwonyesha mtoto Muumba, akaambiwa kwamba anawafundisha watoto kumkana Mungu.

Katika majira ya kuchipua ya 1852 aliingia katika mkutano wa walimu mjini Gotha, na walimu wote wakasimama kwa heshima. Majuma machache baadaye, tarehe 21 Juni 1852, alifariki Marienthal akiwa na miaka 70. Alizikwa Schweina, na juu ya kaburi lake vimesimamishwa mche mraba, mcheduara na tufe vya mawe, kimoja juu ya kingine.

Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Kufikia wakati huo mwanafunzi wake mmoja, Margarethe Schurz, alikuwa amekwisha kufungua chekechea nyumbani kwake Watertown, Wisconsin, mwaka 1856, na von Marenholtz-Bülow alikuwa akisafiri nchi hadi nchi za Ulaya na masanduku ya mipira na vipande vya mbao. Luise naye alihamia Hamburg, akaendelea kuwafunza walimu wa watoto wadogo, na akaishi hadi mwaka 1900.