Ibn al-Haytham na Amana ya Macho

Sifa zote njema ni za Allah. Leo tunamkumbuka Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Inasimuliwa kuwa alijikimu kwa kunakili vitabu. Katika Kitab al-Manazir alibainisha kuwa twaona kwa nuru iingiayo jichoni. Katika risala nyingine alieleza jinsi nuru ya jua lililopatwa, ikipita tundu dogo, inavyochora umbo lake.

Nasi wazazi wa Bariadi na Simiyu yote, vijana wetu wakielekeza darubini kwenye jua, tuhakikishe kichujio cha jua kimefungwa imara mbele, nuru inapoingilia. Kilichofungwa nyuma, penye jicho, huweza kupasuka kwa joto na kupofusha. Macho ni amana, tutaulizwa. Wallahu a'lam.